Jiko la Gesi la Bi Sihaba

Mwaka sitini na tisa, mtu wa Bagamoyo aliyetaka karabai yake iwake vizuri hakumpita Salumu Msabaha. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa soko. Juu zilining'inia taa za harusi na za maulidi, chini zilipangwa stovu za mafuta ya taa zilizovunjika miguu au kuziba. Kazi yake aliifanya kwa sikio. Ungempelekea taa inayokohoa, angeipiga pampu mara tatu, ainamishe kichwa, kisha akwambie kitundu kimeziba au ngozi ya pampu imekauka, na mara nyingi ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na minane, mpole, wa safu ya pili msikitini. Kasoro yake aliijua zaidi mkewe, Tatu: neno "sijui" halikuwamo kinywani mwake. Ukimpelekea saa, anapokea. Ukimpelekea redio, anapokea, na itakaa kibandani mpaka mwenyewe uchoke ukaichukue. Watu walicheka wakasamehe, maana saa mbovu haimdhuru mtu.

Nyuma ya msikiti huo, katika nyumba ya mawe ya marehemu mumewe, aliishi Bi Sihaba. Alikuwa amepita miaka sitini, na kwa mikate hakuwa na mfano mjini. Harusi ikifungwa, jambo la kwanza lilikuwa kupeleka mayai na sukari kwa Bi Sihaba. Alioka kwa mkaa, moto juu na moto chini, ameinama juu ya sufuria iliyofunikwa bati la makaa, mpaka magoti yakaanza kumkataa. Mwanawe wa pekee, Alawi, aliyekuwa karani kwenye ghala la korosho, alimwonea huruma. Aliposikia kwamba Dar es Salaam kuna Mzungu anayerudi kwao na anauza vyombo vyake, akaenda akanunua jiko la gesi lenye sehemu ya kuokea. Akalipeleka kwa fundi wa gesi kule kule mjini, likapimwa na kutengenezwa, kisha akaja nalo kwa lori pamoja na mtungi uliojaa.

Fundi wa Dar alimwambia Alawi mambo mawili. Kwanza, jiko likiwaka dirisha liwe wazi. Pili, mtu asiiguse regulata, kile kiduara cha chuma kinachokaa juu ya mtungi na kuipunguza gesi nguvu kabla haijafika jikoni. Alikuwa ameipima, akaipaka skrubu yake rangi nyekundu ili ikichezewa ijulikane.

Salumu ndiye aliyeitwa kuunganisha mpira. Alawi alipomweleza maneno yale mawili, Salumu aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa barua aliyoiandika mwenyewe. Alikuwa hajawahi kushika jiko la gesi maishani mwake. Lakini mpira ni mpira na spana ni spana, na siku ile jiko liliwaka kwa moto mdogo wa buluu, uliosimama kimya bila kucheza.

Haikupita wiki, ikiwa ni mwisho wa Shaabani, Bi Sihaba akamwita tena. Alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi, mkate wa mayai mbele yake umebonyea katikati.

"Salumu mwanangu," alisema, "hili jiko tumeliazima au tumelinunua? Moto wake ni wa kibatari. Mkate unakaa humo mpaka unachoka. Na Ramadhani hii hapa, kila nyumba inanitaka mimi."

Kwa kweli jiko halikuwa na ubaya. Bi Sihaba alizoea ukali wa makaa na alikuwa hajapata kipimo cha moto mgeni. Angengoja kidogo, mkono wake ungelijua. Salumu naye angeweza kusema jambo hili silifahamu, tumngoje mwenyewe wa Dar. Maneno hayo yalifika mpaka kooni. Kisha akamwona Bi Sihaba anamtazama kwa matumaini, na majirani wawili wamesimama mlangoni, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema ni kazi ndogo.

Akilini mwake gesi ilikuwa kama mafuta ya stovu: moto ukiwa dhaifu, ongeza pampu. Akakwangua rangi nyekundu kwa ncha ya bisibisi, akaikaza skrubu ya regulata mizunguko mitatu. Moto ukapanda. Haukumtosha. Akafungua vile vitundu vya shaba vinavyotoa gesi, akavipitisha keekee yake ndogo kabisa ili vipanuke, kimoja baada ya kingine, akarudishia. Alipowasha tena, moto ulivuma kama karabai mpya, ukakumbatia sufuria mpaka kwenye mabega. Majirani wakasifu. Bi Sihaba akamwombea dua ya umri na riziki, na jioni ile akamletea Tatu sahani ya mkate ulioiva kwa nusu ya muda. Salumu aliula akiwa na furaha.

Ramadhani ikaingia, na upepo wa kaskazi nao ukaanza. Jiko la Bi Sihaba lilikuwa katika chumba kidogo cha nyuma chenye dirisha moja lililotazama upepo, na moto ule mkubwa ulikuwa ukiyumba na kulamba huku na huku. Bi Sihaba akaziba dirisha kwa gunia. Mlango nao akauegesha, kwa kuwa unga ulikuwa unapeperuka. Kuanzia adhuhuri mpaka karibu na magharibi alikuwa humo ndani, anaoka.

Mkwewe, Mwaija, hakuingia humo. Mwaija alikuwa mke wa Alawi wa mwaka mmoja, binti wa wakulima wa mananasi wa Kiwangwa, Mkwere, mwenye maneno machache na mikono ya kazi. Bi Sihaba hakumchagua yeye. Alitaka mwanawe aoe mjini, katika watu anaowajua mpaka babu wa babu. Lakini walikuwa wakiishi kwa amani, mkwe akifanya kazi za nyumba na mama akisifu pole pole, kwa kupima. Mwaka ule Mwaija alikuwa na mimba changa, na harufu ya gesi ilimtapisha. Kwa hiyo futari aliipika uani, kwenye jiko la mkaa.

Siku ya tano ya mfungo Bi Sihaba aliumwa kichwa, akasema ni saumu. Siku ya tisa Mwaija akiwa uani alisikia sinia linaanguka. Alimkuta mama mkwe wake amelala sakafuni, uso mwekundu, macho yamefumba. Akamkamata kwapani akamburuta mpaka nje, akammwagia maji. Bi Sihaba alitapika, akakaa kidogo, na baada ya saa moja akauliza kama mkate umeungua. Siku ya kumi na mbili akaanguka tena, na tena Mwaija ndiye aliyemtoa.

Walimpeleka kwa jirani yao Bi Zaina apumzike. Siku mbili alizokaa huko alikuwa mzima. Akarudi kwake, na kabla ya alasiri kichwa kikamshika. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mtu anayeumwa kwake na kupona kwa jirani, walisema wanawake waliokuja kumjulia hali, ugonjwa wake una mwenyewe, na mwenyewe yumo nyumbani. Bi Zaina akauliza, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, kwa nini mkwe anapika mbali na mama yake. Mtu mwingine akakumbuka kwamba huko mashambani watu wanajua miti mingi. Wakapekua. Chini ya godoro la Mwaija wakakuta vipande vya mizizi vimefungwa kwenye pindo la kanga. Mwaija alisema ni dawa ya kichefuchefu aliyopewa na mama yake. Wakaichukua ile mizizi wakampelekea Alawi.

Alawi hakuyaamini maneno yao, wala hakuyakataa. Alikuwa mtu wa hesabu na alitaka kuondoa kila shaka, basi kesho yake akaenda sokoni akamchukua Salumu. Akamleta mpaka jikoni, akawasha jiko mbele yake.

Salumu aliona. Moto ulikuwa wa manjano, una ndimi ndefu, unalamba nje ya sufuria. Ukuta ulikuwa umeingia weusi mpaka darini, na vyungu vilikuwa na masizi ya kuweza kuandikia. Alisimama pale dakika chache tu na tayari paji la uso lilikuwa linamgonga. Hakujua kilichokuwa ndani ya moto ule, lakini alijua kwamba taa inayotoa masizi ni taa mbovu; hilo alilijua tangu hajaota ndevu.

"Mjomba," alisema Alawi, "wewe ndiye unayelijua hili jiko. Niambie kweli. Haiwezekani kuwa ndilo linalomwumiza mama?"

Mwaija alikuwa amesimama mlangoni na kata ya maji mkononi. Salumu alimtazama. Akatazama pia juu ya mtungi, pale ambapo rangi nyekundu ilikuwa imebaki kama kucha iliyokatwa. Akafikiria majirani waliomsifu, na kibanda chake, na namna jina linavyotoka mjini likazunguka mpaka likarudi limebadilika.

"Jiko halina neno," alisema. "Lingekuwa jiko, na mkeo angeumwa. Mbona yeye haumwi?"

Alikusudia kujitetea tu. Lilipokwisha kumtoka ndipo alipoona limekwenda kuangukia wapi. Alawi aligeuka pole pole akamtazama mkewe, na katika kumtazama kule Mwaija akaelewa kwamba mumewe ameshahesabu na amepata jibu. Akaweka kata chini. Kesho yake, siku ya kumi na sita, alipanda lori la Kiwangwa na sanduku lake la bati. Talaka hakupewa, ila hakuna aliyemzuia.

Tatu ndiye aliyemletea mumewe habari hiyo, naye alikuwa akiisimulia kwa huzuni, kwa sababu alimpenda yule binti. Akasema hakuamini hata kidogo, mtu hawezi kumloga mtu kisha akamburuta nje mara mbili kumwokoa. Salumu akamwambia mambo ya nyumba za watu tuwaachie wenyewe. Siku zile alikwenda msikitini na akasimama safu ya nyuma, karibu na viatu. Alipoulizwa, alisema mguu unamsumbua. Njaa ya saumu haikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba alikuwa amefunga kula na kunywa na kumbe mdomo wake ndio uliofanya kazi mbaya kuliko vyote.

Siku ya kumi na nane, Bi Sihaba ndiyo kwanza anarudi jikoni tangu Mwaija aondoke, mtungi ukaisha. Ulitazamiwa kufika mfungo pili, mwezi mzima baada ya Idi. Alawi akamwomba Salumu aupeleke Dar kubadilishwa, naye akakubali upesi kuliko ilivyohitajika. Akafungua regulata akaitia kwenye kikapu. Akafungua na kitundu kimoja cha shaba, akakitia mfukoni, bila ya kujiambia kwa nini.

Fundi wa gesi, yule yule aliyempimia Alawi jiko, aliitwa Muhidini, kijana wa miaka isiyozidi thelathini, mwenye ovaroli safi na maneno ya taratibu. Alimwamkia Salumu kwa adabu, akamwita mzee. Alipoichukua regulata mkononi aliigeuza geuza.

"Nani ameikwangua hii?" aliuliza.

Salumu akasema ni jiko la jirani yake. Kuna fundi mmoja wa karabai kule kwao, ndiye aliyeligusa.

Muhidini akampeleka nyuma, kwenye ubao uliotundikwa ukutani. Juu yake palifungwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umepindwa ukashuka na kupanda tena, na umetiwa maji nusu. Pembeni mwake palichorwa inchi. Akaunganisha regulata nyingine, nzima, akafungua gesi. Maji yakashuka upande mmoja yakapanda upande wa pili, yakasimama yametofautiana inchi kumi na moja, yakatulia hapo. Ndiyo nguvu ya gesi inayotakiwa na jiko la nyumbani, alisema, wala isizidi. Kisha akaweka ile ya Bi Sihaba. Maji yaliruka mpaka mdomoni mwa mpira, yakamwagika sakafuni, yakalowesha viatu vyao.

Salumu akatoa kile kitundu mfukoni. Muhidini akakitazama kwenye mwanga na kutikisa kichwa. Gesi nyingi namna ile, alieleza, haipati hewa ya kuungua nayo. Ndiyo maana moto unageuka manjano na kuleta masizi, na mtungi unaisha upesi, na bado si hilo lililo kubwa.

"Mzee, huyo fundi wenu mwambie aache," alisema. "Moto ukikosa hewa unatoa sumu isiyo na harufu. Mtu akiwa ndani na dirisha limefungwa, kichwa kinamuuma, anatapika, anaanguka. Mkimtoa nje anapata nafuu. Mnaweza mkadhani ni shetani. Siku moja mtachelewa kumtoa."

"Nitamwambia," alisema Salumu.

Alilisema hilo akitazama maji sakafuni. Muhidini aliirudisha skrubu huku anatazama maji kwenye ubao, robo mzunguko, kisha chini ya robo, mpaka yakasimama pale pale kwenye inchi kumi na moja. Akaipaka rangi upya. Akampa vitundu vipya, akamwonyesha namna ya kuvifunga na namna ya kuujua moto mzuri: uwe wa buluu, mfupi, usimame bila kulamba. Wakati wa kuagana akamwambia amsalimie mgonjwa. Akamshukuru pia kwa kuja mwenyewe, akasema watu wengi hawajali mambo ya jirani. Salumu alirudi Bagamoyo na mtungi juu ya basi, na shukrani ile ndiyo iliyomwelemea njia nzima.

Siku ya ishirini akalifunga jiko. Alifanya kila alichofundishwa, akatoa gunia dirishani, akamwambia Bi Sihaba kwamba Dar wamesisitiza dirisha liwe wazi. Zaidi ya hapo hakusema. Alikuwa ameshajipangia: jiko limepona, mama atapona, na mambo mengine Mungu atayatengeneza kwa njia zake.

Mama akapona kweli. Siku nne alioka bila kuumwa, mikate ikatoka imepanda vizuri, kwa sababu sasa mkono wake ulikuwa umeshazoea. Siku ya ishirini na nne, karibu na magharibi, alimwita Salumu akampa sahani iliyofunikwa kawa.

"Unaona, mwanangu?" alisema. "Tangu aondoke yule mtoto, kichwa hakijaniuma hata siku moja. Mungu hamfichi mbaya."

Salumu akapokea sahani, akashukuru. Alitembea mpaka kwake akiwa ameishika kwa mikono miwili. Jambo ambalo hakulifikiri alipokuwa akilifunga jiko kimyakimya sasa lilikuwa wazi mbele yake: kulitengeneza kwake ndiko kulikommaliza Mwaija. Zamani kulikuwa na shaka. Sasa kulikuwa na ushahidi, na ushahidi ameutengeneza yeye kwa spana yake.

Adhana ilipotoka hakuweza kuula ule mkate. Alifungua kwa maji, akamweleza Tatu yote, tangu kukwangua rangi mpaka yale maji yaliyomwagika. Tatu alisikiliza akiwa ameshika tende ambayo hakuitia kinywani. Salumu alipomaliza, Tatu akairudisha ile tende sahanini.

"Umeniambia mimi," alisema. "Mimi siye Mwaija."

Kesho yake baada ya alasiri Salumu alikwenda nyumba ya mawe. Alimwomba Alawi akae, na Bi Sihaba akae, naye akabaki amesimama. Akaweka vile vitundu vya zamani juu ya mkeka, vile alivyovipanua. Akasema kwamba jiko ndilo lililokuwa likimwumiza mama, na aliyeliharibu ni yeye, na siku alipoulizwa alikuwa ameona moto umeharibika akasema halina neno. Na lile alilosema juu ya Mwaija kutoumwa, alilisema ili asionekane hajui kazi. Sauti ilimkatika mara mbili. Hakuna aliyemsaidia kumalizia.

Bi Sihaba alichukua kitundu kimoja, akachungulia kwa jicho moja kama anayetunga uzi. Salumu alidhani atamfukuza. Lakini mama yule alikuwa na aibu yake mwenyewe, na ilikuwa imeshamfikia.

"Nimemtaja kwa Zaina," alisema. "Nimemtaja kwa kila aliyekuja kunijulia hali. Mtoto alinibeba mwenyewe, na mimba yake."

Alawi hakupandisha sauti. Alikuwa amekaa ameshika magoti, na uso wake ulikuwa umezeeka.

"Nilikuuliza, mjomba, ukanijibu, nami nikamtazama mke wangu vile nilivyomtazama," alisema. "Ya kwako utakwenda kuyasema Kiwangwa kwa mdomo wako. Ya kwangu nitayasema mwenyewe."

Salumu na Alawi walikwenda Idi pili, kwa lori lililokuwa likifuata mananasi. Nyumbani kwa Mzee Pazi, baba yake Mwaija, walipewa maji ya kunywa na viti vya kukalia, kwa sababu mgeni ni mgeni, ila chakula hakikutajwa. Wakaitwa wajomba wawili. Mama yake Mwaija alikaa kwenye kizingiti, na Mwaija alikuwa nyuma yake ndani ya nyumba, wanaweza kumsikia anapumua lakini hawamwoni.

Salumu alisema tena yote. Alikuwa amefikiri mara ya pili itakuwa nyepesi, na haikuwa. Mjini alizungumza na watu walioonea. Hapa alikuwa anazungumza na walioonewa. Mzee Pazi alimsikiliza kama mtu anayesikiliza kesi ya shamba, akiuliza mambo madogo madogo: skrubu ikoje, tundu lilipanuliwa kwa kitu gani, moto ulikuwa wa rangi gani. Mwisho akauliza lililokuwa kubwa.

"Ulikuwa hujui, bwana, au ulikuwa hutaki kusema hujui?"

"Sikutaka kusema sijui."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akatema mate pembeni, si kwa kumdharau, bali kama mtu aliyemaliza kutafuna kitu kichungu. Hapo Mwaija akatoka. Alikaa karibu na mama yake, kanga ameifunga mpaka kichwani, akamwelekea Salumu na kumwacha Alawi.

"Mjomba," alisema, "siku ile ulinitazama kabla hujajibu. Ulikuwa umeshajua?"

Salumu angeweza kusema hakuwa na hakika, na ingekuwa kweli kidogo.

"Moto niliuona," alijibu. "Nilijua jiko ni bovu. Nilikutazama, nikajiokoa mimi."

Mwaija hakulia. Aliinama akachora chora mchangani kwa kidole, kisha akasema amesikia. Samahani alipoombwa hakusema ametoa wala amekataa. Alawi naye akasema yake, na hayo yalikuwa ya mke na mume, wazee wakasimama wakawaachia nafasi. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Mwaija alikuwa amemwambia kwamba atajifungulia kwao, na katika nyumba ile ya mawe hatarudi kulala. Na mama mkwe wake, kama anataka kumwona mjukuu, aje mwenyewe na wale alioambizana nao.

Ijumaa iliyofuata Salumu aliomba ruhusa kwa imamu, akasimama baada ya sala, akawaeleza watu. Wanaume walisikiliza wakitazama chini, wengine kwa kumwonea haya yeye. Aliamini kwamba neno likisemwa wazi namna ile litalifuta la kwanza. Halikulifuta. Wako walioshukuru. Wako waliosema Wakwere wametengeneza dawa mpaka fundi mzima akasimama msikitini kujitukana. Bi Zaina mwenyewe alichukua miezi miwili kukubali kwamba mwanamke anaweza kuugua kwa moto wa mkate wake. Lakini alikubali, na ndiye aliyefuatana na Bi Sihaba kwenda Kiwangwa. Magoti yale ya Bi Sihaba yalishuka kwenye lori kwa kushikwa huku na huku, na mbele ya wanawake wa kule alimwita Mwaija mwanangu akamwomba radhi.

Mwaija alijifungua mwezi wa sita, mtoto wa kike. Alirudi Bagamoyo mtoto alipotimiza miezi mitatu, kwenye vyumba viwili alivyopanga Alawi upande wa pili wa mji. Bi Sihaba alikwenda huko kila alasiri, akikaa kwenye mkeka wa barazani mpaka alipoambiwa kuna joto, aingie ndani.

Salumu aliendelea na karabai zake. Saa na redio watu waliacha kumpelekea, na mmoja asiyejua kisa alipomletea cherehani, alimwambia hii siijui, akamwelekeza kwa mwingine. Ilimtoka kwa taabu, masikio yakawa ya moto. Jiko la Bi Sihaba likihitaji mtungi, Muhidini alikuja mwenyewe. Mara ya kwanza alipofika alimkuta Salumu hapo nyumbani, akamwuliza kama yule fundi alifikishiwa maneno. Salumu akamwambia yule fundi ni mimi. Muhidini alinyanyua spana yake, akainama juu ya mtungi, akaendelea na kazi.

Mwaija walikutana naye sokoni mara nyingi miaka iliyofuata, mtoto mgongoni, kisha mtoto mkononi. Wazee wote wa pale aliwaamkia shikamoo, mmoja mmoja. Akifika mbele ya kibanda cha Salumu alisema salaam aleikum tu, kama asemavyo mtu kwa mpita njia. Salumu aliitikia kikamilifu, akiwa amesimama, na hakuketi mpaka alipokwisha kupita.